Uzamili wa unasihi ukiwa Unguja au Pemba: hesabu saa kabla ya kuchagua chuo

Anayetaka kusomea saikolojia ya unasihi kwa ngazi ya uzamili karibu kila mara huanza kwa kuuliza chuo gani. Swali hilo linafaa lije la tatu. La kwanza ni hili: kabla ya kuhitimu utakaa na wateja kwa saa ngapi? La pili: nani atakusimamia, na kila baada ya muda gani? Nadharia za mabingwa wa tiba ya mazungumzo, kama Carl Rogers na Aaron Beck, zinasomeka hata ukiwa umekaa barazani Wete na kikombe cha kahawa. Kumsikiliza mtu anayelia bila ya kumkatiza hakusomeki hivyo, na kosa lako la chumbani hulioni mwenyewe mpaka mtu mzoefu akuoneshe. Vitabu visiwani vinapatikana. Kilicho adimu ni msimamizi. Ndiyo maana mwongozo huu unazifuata saa hizo, kuanzia maombi mpaka siku ya kuagana na mteja wa mwisho.

Jina la shahada linaficha mengi

Saikolojia ya unasihi, ambayo wengi huiita ushauri nasaha, humhudumia mtu anayeendelea na maisha yake lakini amezidiwa: ndoa inayumba, amefiwa, ana uraibu, amepoteza ajira. Saikolojia ya kliniki huingia zaidi kwenye maradhi ya akili na vipimo vyake. Daktari wa maradhi ya akili ni daktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Mipaka hii huingiliana, lakini ukiomba programu moja ukidhani ni nyengine utagundua mwaka wa pili, ada imeshalipwa.

Ipo na shahada nyengine inayowachanganya walimu wengi: uzamili wa elimu katika ushauri na unasihi. Inamfaa anayetaka kubaki skuli. Ila nyingi hukaa chini ya kitivo cha elimu, na mazoezi yake huwa machache au huwa ya wanafunzi watupu. Kama nia yako ni kukaa na wanandoa, au na vijana wanaotoka kwenye dawa za kulevya, hiyo siyo njia yako.

Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina uzamili wa saikolojia ya kliniki, unaomfaa anayetaka kufanya kazi hospitali. Nairobi, USIU-Africa na Daystar zote zina uzamili wa saikolojia ya unasihi, na Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu mwaka 2014; kwa hiyo waulize jinsi wanavyowatayarisha wahitimu wao chini ya sheria hiyo. Marekani, katika majimbo mengi, jina la mwanasaikolojia linalindwa na sheria na kwa kawaida humtaka mtu awe na uzamivu; mwenye uzamili huwa mnasihi mwenye leseni ya jimbo lake. Uingereza nako, mwanasaikolojia wa unasihi hupitia udaktari wa kitaaluma (shahada ya ngazi ya uzamivu, si ya utabibu) wa miaka 3 au zaidi na kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wanataaluma wa afya huko. Uzamili wa mwaka 1 wa saikolojia kutoka huko haukupi cheo hicho, hata ukiwa na muhuri mzuri namna gani.

Popote utakapokwenda, hakikisha kabla ya kulipa ada kwamba chuo na programu vina ithibati katika nchi yake. Ukirudi, shahada ya nje itapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kutambuliwa, na hapo ndipo waliosoma kwa vyuo vya mtandaoni visivyo na ithibati hukwama. Programu ya mtandaoni yenye ithibati si mbaya kwa masomo ya darasani. Iulize jambo moja tu: mazoezi nitayafanyia wapi, na msimamizi wa Zanzibar mtamkubali kwa sifa zipi? Wakijibu kwamba "mwanafunzi anajitafutia", fahamu kwamba kazi ngumu kuliko zote wamekuachia wewe.

Hesabu ya saa

Programu za uzamili za Marekani zilizoidhinishwa na CACREP, chombo cha ithibati ya programu za unasihi, zina krediti 60. Ndani yake mna saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati ya hizo uso kwa uso na wateja, kisha saa 600 za mazoezi ya kazi, 240 kati yake uso kwa uso. Muda wote huo mwanafunzi husimamiwa kwa wastani wa saa 1 kwa wiki, peke yake au na mwenzake mmoja, na saa 1 na nusu katika kikundi. Udaktari wa Uingereza unataka saa 450 za wateja, na juu yake saa 40 ambazo mwanafunzi mwenyewe anakaa kiti cha mteja mbele ya mnasihi mwengine. Hata kama hutosoma huko, zichukue namba hizi kama mizani. Programu inayojiita ya unasihi na haikufikishi hata saa 100 za uso kwa uso itakutoa na cheti, lakini mteja wa kwanza mwenye kilio kizito atakutoa jasho.

Sasa zigeuze namba ziwe wiki. Saa 240 kwa mihula miwili ya wiki 15 ni wateja 8 kila wiki. Ukiandikisha 8 hupati 8: mmoja ana msiba, mwengine hana nauli, wa tatu mumewe amekataa. Andikisha 11 au 12. Halafu angalia kalenda ya Kiislamu kabla ya kalenda ya chuo. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua, wateja wa mchana huwa wachache, na kumi la mwisho usitegemee mtu. Muhula ukiangukia Ramadhani, zigawe saa zake kwenye wiki za kabla, si za baada, kwa sababu baada yake kuna sikukuu na kisha kuna mitihani.

Aliye Pemba na msimamizi wake yuko Unguja aongeze hesabu nyengine: bahari. Kusi linapovuma katikati ya mwaka mkondo wa Pemba hauna urafiki, na kuvuka kila wiki kwa ajili ya saa 1 ni kupoteza siku mbili. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba usimamizi wa kila wiki ni kwa simu ya video, na kukutana ana kwa ana ni mara moja kwa mwezi, mkiwa na rikodi za kusikiliza pamoja. Muulize mratibu wa chuo kwa maandishi kama saa za video zinahesabiwa. Jibu la mdomo halitakusaidia mwaka wa mwisho.

Daftari la saa lina safu sita: tarehe, namba ya mteja, saa ya kuanza na kumaliza, aina ya kazi (mtu mmoja, wanandoa, kikundi, au maandishi), saa za usimamizi, na sahihi. Sahihi ichukuliwe kila wiki. Kosa linaloharibu miaka ya watu ni kungoja mwisho wa muhula. Msimamizi akahamishwa wizara, au akaenda masomoni, na saa 90 zikabaki bila ya mtu wa kuzithibitisha. Kila mwezi piga picha kurasa zako na zihifadhi mahali pa pili.

Karatasi za maombi

Anza miezi 12 kabla, na anza na jina lako. Hili ndilo linalowachelewesha Wazanzibari kuliko alama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Abdalla, cha kidato cha nne Abdulla, pasipoti Abdullah. Au cheti kina majina matatu na shahada ina mawili. Ofisa wa udahili wa Nairobi au London hajui kwamba wote ni mtu mmoja. Weka nyaraka zote mezani, chagua tahajia ya pasipoti kuwa mzani, na kama cheti cha kuzaliwa ndicho chenye kosa nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kukirekebisha. Kwa vyeti visivyorekebishika, tengeneza hati ya kiapo inayotaja tahajia zote na uiambatanishe kila unapoomba.

La pili ni wastani wa alama. Vyuo vyetu hutumia kipimo cha 5, Marekani hutumia cha 4. Ukiandika "3.6" bila ya kusema kati ya ngapi, utahesabiwa kuwa hodari kupita ulivyo, kisha matokeo rasmi yatakapofika utaonekana mdanganyifu. Andika "3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu". Kwetu daraja hilo huanzia 3.5, na la pili la chini huanzia 2.7. Aliye chini ya hapo asikate tamaa, bali atafute kwanza stashahada ya uzamili au miaka miwili ya kazi inayohusiana na fani, kisha aombe.

Barua za wadhamini huwa mbili au tatu. Mmoja awe mwalimu aliyekufundisha saikolojia au utafiti, mwengine awe mtu aliyekuona ukifanya kazi na watu: mkuu wa kituo, mwalimu mkuu, msimamizi wa soba hausi (nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya). Barua ya mheshimiwa asiyekujua ni karatasi tupu. Wape wiki 6, na wapelekee matokeo yako, maelezo yako na tarehe ya mwisho katika ujumbe mmoja. Waombe watumie anwani ya barua pepe ya taasisi yao, kwa vile vyuo vingi vya nje huitilia shaka barua iliyotumwa kwa anwani ya binafsi.

Kwenye maelezo binafsi, sentensi ya "napenda kusaidia watu" ifute. Kila mwombaji ameiandika. Eleza kazi moja uliyofanya, ulichokiona kinakushinda, na unachotaka kujifunza ili kisikushinde tena. Kama unayo majeraha yako mwenyewe, yataje kwa sentensi moja au mbili na uoneshe umeyashughulikia vipi. Kurasa mbili za machungu humfanya msomaji ajiulize kama unaomba nafasi ya mwanafunzi au ya mteja. Kwenye usaili wanaweza kukupa mtu anayeigiza mteja kwa dakika 10. Hawatafuti suluhisho. Wanaangalia kama utaweza kunyamaza kwa sekunde tano bila ya kuhangaika.

Mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, unadumu miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Uliza kwanza kama barua kutoka chuo chako inayosema ulisoma kwa Kiingereza inatosha. Pengine inatosha, na ada ya mtihani ikabaki mfukoni.

Fedha

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ndiyo mlango wa kwanza kubisha. Fuatilia matangazo yake ya mwaka huo na masharti ya fani zinazopewa kipaumbele. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka 1 huko na inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Hailipii udaktari wa unasihi, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshajaza fomu nusu. Marekani ni kinyume cha tunavyodhani: programu za uzamivu mara nyingi humpa mwanafunzi kazi ya usaidizi na kumsamehe ada, ilhali uzamili wa unasihi hujilipia mwenyewe.

Katika bajeti watu huweka ada, chakula na malazi, wakasahau vitu vinavyotokana na saa zile: nauli ya kwenda kituo cha mazoezi siku tatu kwa wiki, malipo ya msimamizi wa nje ikiwa chuo hakimlipi, kinasa sauti, na ada ya mnasihi wako mwenyewe pale programu inapotaka nawe uwe mteja.

Kupata kituo cha mazoezi

Kila kituo kina aina yake ya saa. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, kitakufundisha kutambua maradhi makali ya akili, na kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, itakuonesha uraibu wa heroini ulivyo; lakini wagonjwa wengi wa wodini hawako katika hali ya kukaa dakika 50 kuzungumza, kwa hiyo saa za uso kwa uso hujaa polepole. Soba hausi ni hodari kwa unasihi wa vikundi, na saa za vikundi hupatikana haraka. Zile za mtu mmoja mmoja utazipigania. Kituo cha Mkono kwa Mkono cha Mnazi Mmoja hupokea walionusurika udhalilishaji. Humo asiingie mwanafunzi wa muhula wa kwanza. Ipo pia njia ya Benchi la Urafiki, iliyoanzia Zimbabwe mwaka 2006 na kufika Zanzibar baadaye, ambamo wahudumu wasio wanasaikolojia hufundishwa kumsaidia mtu kutatua shida moja moja. Kukaa nao ni darasa zuri la unasihi mfupi kwa lugha ya mtaani.

Mchanganyiko tunaoupendelea ni muhula wa mwanzo skuli, dakhalia au chuo, ambako shida ni za kawaida na wateja hawakosi. Muhula wa pili hospitali ya wilaya au soba hausi, kwa Pemba hospitali za Chake Chake au Wete. Peleka barua ya utambulisho ya chuo miezi 3 kabla, na nenda mwenyewe na nakala mkononi. Barua itapita wizarani kabla ya kurudi kituoni, na kituo hakitakupangia chumba mpaka iwe imerudi.

Kabla ya kukubali nafasi, omba uoneshwe chumba. Mahali pengi "chumba cha unasihi" ni meza iliyo kando ya dirisha la dawa. Sauti ikisikika nje, hutapata mteja wa pili kutoka shehia ile. Mwanamme anayekaa na mteja mwanamke, au kinyume chake, afikirie pia suala la faragha baina ya wasiokuwa maharimu: mlango wenye kioo, na mwenzako wa kike au wa kiume akae umbali wa kuona bila ya kusikia. Mteja aulizwe kabla, "Ungependa ukae na mwanamke au mwanamme?" Ni swali dogo, na bila yake utapoteza wateja wengi kimya kimya.

Ndani ya chumba, kisiwani

Vitabu vya unasihi vimeandikwa kwa miji ambayo mteja na mnasihi hawaonani tena baada ya mlango kufungwa. Hapa utamkuta Darajani kesho yake, na harusi ya Ijumaa mtakaa ukumbi mmoja. Kwa hiyo sentensi za mwanzo za kikao cha kwanza ni lazima zitamkwe zote, kwa Kiswahili cha wazi: "Utakayoyasema hapa yanabaki hapa, isipokuwa matatu: ukitaka kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au mtoto akiwa anadhuriwa. Mwalimu wangu anayenisimamia nitamhadithia bila ya kutaja jina lako. Tukikutana njiani nitakutolea salamu kama ninavyomtolea kila mtu, na nitapita." Hilo la salamu vitabu vya nje hulikosea. Wao hufundisha kwamba mnasihi asimsalimie mteja barabarani mpaka mteja aanze mwenyewe. Kwetu kumpita mtu bila ya salamu ni tusi, na ndilo litakalowafanya watu waulize kuna nini. Salamu haifichui kitu, kwani hata mgeni hutolewa. Kinachofichua ni kusimama na kuuliza "vipi lile?"

Je, mteja ni jamaa au jirani? Pemba ukikataa kila anayekujua utabaki na daftari tupu. Jiulize matatu: mwaka huu nitakula nyumbani kwake, au yeye kwangu? Riziki ya mmoja wetu iko mikononi mwa mwengine? Habari zake huwa nazipata nje ya chumba hiki? Ndiyo mbili, mpeleke kwa mwenzako. Ndiyo moja, mweleze msimamizi, liandike kwenye faili, na mwambie mteja kwamba hutasikiliza habari zake kwa mtu wa tatu.

Mteja hatokuja peke yake. Atakuja na mama, dada au mama mkwe, na yule aliyemleta ndiye mwenye maneno mengi. Ukimfukuza, mteja haletwi tena. Mpe dakika 10 za mwanzo pamoja, msikilize kwa heshima, kisha sema, "Ahsante bibi, sasa nitakaa naye kidogo peke yetu, halafu nitakuita." Ukishamaliza, usimwite bila ya kumuuliza mteja anaruhusu nini kisemwe.

Tatizo kubwa la wanafunzi wetu limo ndani ya jina lenyewe la kazi. Nasaha, kwa masikio ya Mswahili, ni maneno ya mtu mzima kwa mdogo: shekhe hunasihi, somo humfunda mwari, babu hutoa wasia. Mteja anakaa na kusema, "Haya, nambie nifanye nini," na mwanafunzi, kwa heshima na kwa mazoea, anaanza kuhutubu dakika ya tano. Mteja anaitikia "naam, kweli," anashukuru, harudi. Dawa yake ni kuhesabu. Chukua rikodi ya kikao kimoja, andika dakika 15 za kati neno kwa neno, kisha piga mstari chini ya kila "lazima", "inabidi", "jitahidi" na "kuwa na subira". Subira ni neno tukufu, lakini likitoka kabla mtu hajamaliza kusema linamfunga mdomo, kwa kuwa anayeendelea kulalamika baada yake ataonekana hana imani. Vikao vya mwanzo mistari huwa mingi mno. Ikishuka hadi miwili au mitatu umeanza kusikiliza.

Wala usiende upande wa pili, ukawa unarudisha kila swali kwa swali. Mteja wa kwetu atakuona hujui kitu. Anapotaka jibu, sema: "Ninavyoliona nitakwambia. Kwanza nataka kujua wewe umeshajaribu nini." Na kikao kisimalizike bila ya jambo moja dogo la kwenda kulifanya.

Mafunzo yamo kwa Kiingereza na kikao kimo kwa Kiswahili, kwa hiyo maswali usiyatafsiri. "Hilo linakufanya uhisi vipi?" linasikika kama tangazo. Uliza "Pale moyoni kukawa vipi?" au "Ikakukaa vipi?" Tena huzuni hapa huzungumzwa kwa mwili: moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili mzito, usingizi umeniruka. Usikimbilie kuiita sonona. Mpeleke kwanza apimwe shinikizo la damu, damu na tezi la shingoni, maana moyo wa mbio unaweza kuwa ni moyo kweli.

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtazame mtu kwa makini zaidi. Lisome kwa sauti kwa asiyezoea fomu. Katika Ramadhani maswali ya usingizi na hamu ya kula yanapotoka, maana mfungaji analala na kula kwa saa nyengine kabisa. Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, litazamwe peke yake hata kama jumla ni ndogo. Katika jamii yetu kulikiri hilo ni aibu na dhambi, kwa hiyo ingia kwa ngazi: "Umewahi kutamani ulale usiamke?" Akikubali: "Umewahi kufikiria kujitoa roho? Kwa njia gani? Kitu hicho kiko nyumbani?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo kwa njia na kitu, hatoki chumbani peke yake. Ita jamaa anayemwamini, na mpigie msimamizi simu hapo hapo.

Wengi watakuwa wameshasomewa, wamekunywa kombe, au wamepelekwa kwa mganga kabla ya kufika kwako. Uliza bila ya uso wa dharau: "Mmeshahangaika wapi?" Ukibishana juu ya sheitani umeshindwa kabla hujaanza. Kusomewa Kurani hakugombani na unasihi. Vyote viwili vyaweza kwenda pamoja. Mambo mawili tu ndiyo ya kusimamia kidete: mtu kuachishwa dawa za kifafa au za maradhi ya akili, na mtu kufungwa au kupigwa. Hapo mhusishe daktari, na msimamizi ajue siku ile ile.

Rikodi na ripoti

Kuandika kikao neno kwa neno kunakula muda: dakika 15 za mazungumzo ni kama saa 1 na nusu ya kuandika, na kama chuo kinataka tafsiri ya Kiingereza zidisha mara mbili. Acha Kiswahili juu na Kiingereza chini yake, ili msimamizi anayejua lugha aone ulichosema hasa. Rikodi ifungwe kwa neno la siri, isipite WhatsApp hata kwa msimamizi, na ifutwe kazi ikishasahihishwa.

Kwenye ripoti ya kisa, kufuta jina hakutoshi. "Mwalimu wa kike wa Micheweni, miaka 34, mwenye mapacha" ni jina kamili kwa yeyote wa Micheweni. Herufi za mwanzo za majina nazo ziache, tumia namba. Wilaya iwe "kijijini", kazi iwe "mtumishi wa umma", umri uwe "miaka ya thelathini", na mapacha wabaki tu ikiwa kisa hakieleweki bila yao.

Tasnifu ina mtego mmoja mkubwa, nao ni kibali. Utafiti wa afya unaofanyika Zanzibar unapita ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, hata kama chuo chako cha Nairobi au Dar es Salaam kimeshakupa kibali chake. Peleka pendekezo, dodoso na fomu ya ridhaa vikiwa tayari kwa Kiswahili, na usikusanye hata dodoso moja la majaribio kabla ya barua. Chagua mada ambayo watu wake unawafikia bila ya kuvuka bahari kila wiki.

Kuagana na mteja

Muhula unakwisha, kituo kinakutoa, na mteja yuko katikati ya safari. Mwambie vikao 3 kabla, si siku ya mwisho. Kikao cha kwanza kati ya hivyo mwulize angependa kuendelea na nani. Cha pili mkutanishe na mnasihi mpya ndani ya chumba hicho hicho, dakika 10 tu, wewe ukiwepo. Cha tatu pitieni pamoja alichokuja nacho na alichobakiwa nacho. Akileta zawadi, mkungu wa ndizi au kanzu ya kushonwa, kisicho na thamani kubwa kipokee kwa ahsante na kiandike kwenye faili. Cha thamani kikatae kwa upole mbele yake, usikirudishe kwa mtu. Faili likabidhiwe kituo kwa sahihi, nakala yoyote iliyo kwenye simu yako ifutwe, na ukurasa wa mwisho wa daftari la saa utiwe sahihi siku hiyo hiyo kabla hujatoka getini.